Wapiga Gitaa Wasiotajwa Majina

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli katika mambo mengi, lakini katika jambo moja imepungukiwa, nalo ni upigaji wa gitaa katika nchi ya Kenya. Hapo kizuri kimeuzwa kwa miaka mingi, tena kimeuzwa sana, ila mara nyingi jina la aliyekifanya halikutajwa, wala fedha hazikumfikia ipasavyo.

Mtu akipita Kawangware jioni ya Jumamosi, au akishuka kutoka barabara ya Ngong kupitia soko la Toi na kuingia katika vijiji vya Kibera, hakosi kusikia gitaa. Litalia kutoka dukani kwa kinyozi, au katika matatu, au katika simu ya fundi ashonaye viatu kando ya njia. Ukimuuliza msikilizaji jina la mwimbaji, atalitaja mara moja, na pengine atakueleza habari za kwao. Lakini ukimuuliza ni nani aliyepiga gitaa lile linalomtikisa kichwa, atanyamaza. Si kosa lake, kwa maana hakuna aliyepata kumwambia.

Si ajabu kwamba muziki huo umeshika mizizi mahali hapo. Kibera ilianzishwa na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya wakati ule iliitenga ardhi hiyo kwa ajili yao. Baadaye mji wa Nairobi ulipokua, walifika watu wa kila kabila kutafuta kazi, na miongoni mwao Wajaluo wengi, ambao walikipa kijiji kimojawapo jina la Kisumu Ndogo. Kawangware, iliyokuwa mashamba ya Wakikuyu upande wa Dagoretti, iliwapokea kadhalika wageni wengi kutoka Bunyore, Maragoli, Kisa na sehemu nyingine za magharibi. Walikuwa wapishi, walinzi, waashi, madereva na makarani. Kila mtu alikuja na mzigo wake, na katika mizigo hiyo gitaa halikuwa zito kulibeba.

GITAA MOJA, SAUTI MBILI

Anayestahili kutajwa kwanza ni marehemu Bwana George Mukabi, mwenyeji wa Kisa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipiga gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, kwa namna iitwayo omutibo. Katika namna hiyo kidole gumba hushika nyuzi nene na kutembeza sauti ya chini bila kupumzika, na papo hapo kidole cha shahada huchagua sauti za juu zinazomjibu mwimbaji. Asiyemwona mpigaji hudhani kwamba wamekaa watu wawili. Wimbo wake Sengula Nakupenda ulipendwa sana, na wengi waliojifunza gitaa baada yake walianza kwa kujaribu kumwiga.

Bwana Mukabi aliuawa mwaka 1963, kabla hajazeeka, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Nyimbo zake zilibaki vinywani mwa watu wa kwao. Santuri zenyewe zilichakaa, zikatupwa, na nyingine zikavunjika. Katika miaka ya 2010 ndipo kampuni ndogo za Marekani zilipozikusanya baadhi yake na kuzitoa tena kwa jina la Furaha Wenye Gita. Ni jambo jema, lakini ni la kutafakari pia, kwamba aliyevuka bahari alitangulia kuokota kilichokuwa kimelala uani kwetu.

Jambo kama hilo liliwapata watu watatu wa Bunyore, Mabwana Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojiita Abana ba Nasery. Wawili walipiga magitaa, na Bwana Okola alikwaruza kwa chuma mikunjo ya chupa ya Fanta, akatoa mapigo ya kuchezea ngoma nzima. Walianza kurekodi katika miaka ya 1960. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya nyimbo zao za zamani, na baadaye wenyewe walikwenda Uingereza na kurekodi pamoja na wanamuziki wa huko. Chupa tupu, ambayo mwingine angeiona ni takataka, ilivuka bahari ikiwa chombo cha muziki.

KUTOKA VITANI MPAKA STUDIO

Kutoka pwani alikuja marehemu Bwana Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki, kilichofika mpaka Bara Hindi na Burma. Aliporudi alifanya kazi Nairobi, naye anahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Nyimbo zake, kama Tausi, zina Kiswahili safi na gitaa la upole lisilo na papara. Zaidi ya hayo alikuwa fundi wa mitambo ya kurekodi, na kwa kazi hiyo sauti za wanamuziki wenzake zilipita mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo hujenga nyumba ambayo wengine huonekana madirishani. Alifariki mwaka 2000.

Zaidi ya wenyeji walikuwapo wageni kutoka Kongo. Bwana Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, na Bwana Edouard Masengo walikaa Nairobi kwa nyakati mbalimbali. Sauti zao zilitumiwa hata kutangaza bidhaa. Wapigaji wa Kenya walijifunza kwao bila kuacha asili yao. Ni haki kwamba Bwana Mwenda ameandikwa katika vitabu vya wataalamu. Wenzake wa Kenya walistahili kuandikwa kwa wingi uo huo.

UPANDE WA PILI WA SAHANI

Muziki wa benga, unaosikika sana Kibera, ulizaliwa kwa Wajaluo wa Nyanza. Nyatiti yao ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma katika kidole kikubwa cha mguu, akigonga ubao wa chombo ili kutia mapigo. Waliposhika gitaa, vijana hawakuitupa nyatiti. Walihamisha mwendo wake katika nyuzi mpya. Gitaa la solo humfuata mwimbaji neno kwa neno, na anaponyamaza lenyewe huendelea kusema. Gitaa la pili hurudia mwendo mfupi tena na tena, na besi huruka chini yao.

Wakati wa sahani ndogo za santuri, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Ukiigeuza sahani, mara nyingi mwimbaji alikwisha kutoa habari yake, na magitaa yalichukua nafasi yote mpaka mwisho. Ndio upande watu walioucheza zaidi. Lakini karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani ilikuwa na jina la bendi au la kiongozi wake tu. Marehemu Bwana D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati katika Tanganyika, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2006, alikuwa fundi wa gitaa na wa maneno, na sifa zake ni za haki. Hata hivyo kiongozi yeyote wa benga husimama juu ya mabega ya wapigaji kadha wa kadha, na majina yao msikilizaji wa kawaida hayajui.

Anayedharauliwa kuliko wote ni yule wa gitaa la pili. Hana nafasi ya kujionyesha. Kazi yake ni kurudia, na akikosea mapigo mara moja tu wachezaji wote hujikwaa. Anafanana na karani atunzaye daftari la chama, kwa kuwa hakuna amsifuye mambo yakienda sawa, na siku asipokuwapo ndipo kila mtu huuliza yuko wapi.

JINA NI SHAHIDI

Huenda msomaji akasema kwamba jina ni fahari tupu. Sivyo. Zamani wapigaji wengi walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, wakaenda zao, na sahani iliendelea kuuzwa. Siku hizi Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Aidha humtambua mpigaji ambaye hakutunga. Lakini atajidai vipi mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote? Jina juu ya sahani ni sawa na alama ya mpaka katika shamba. Likikosekana, mwenye haki hubaki akieleza kwa mdomo, na majirani waliokuwa mashahidi wanakufa mmoja baada ya mwingine.

Tena wakati haungoji. Kwa hesabu ya sheria hiyo, ulinzi wa nyimbo za mtungaji aliyefariki mwaka 1963, kama Bwana Mukabi, ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2013. Tangu hapo deni ambalo watu wanaweza bado kumlipa ni kumtaja.

YAWEZEKANAYO SASA

Kwanza, kiongozi wa bendi na awataje wapigaji wake jukwaani, na ayaandike majina yao yote pamoja na chombo cha kila mmoja anapotoa wimbo. Kufanya hivyo hakumpunguzii sifa hata kidogo. Pili, kijana apigaye gitaa kanisani au katika harusi huko Kibera na Kawangware asiingie studio bila mapatano yaliyoandikwa, hata kama mwenye kazi ni ndugu yake. Tatu, watangazaji wa redio na wamtaje mpigaji kila wamjuapo, kama wamtajavyo mwimbaji.

Nne ni kazi ya kila nyumba yenye mzee aliyeshika gitaa au aliyewajua walioshika. Wengi wao walikwisha kurudi mashambani baada ya kustaafu. Mtoto ajuaye kusoma na kuandika, anapokwenda nyumbani mwezi wa Desemba, achukue daftari na kalamu. Aucheze wimbo wa zamani katika simu yake, kisha aulize: huyu wa solo ni nani, huyu wa pili ni nani, ni nani aliyepiga chupa, na ilikuwa mwaka gani? Mzee atafurahi kuulizwa, na jina litakaloandikwa siku hiyo halitazikwa pamoja naye.