Nukta Zisizokuwepo

Aliyesoma jiografia sekondari anaukumbuka uzi. Unaulaza juu ya barabara iliyopinda kwenye ramani, unaufuatisha kona kwa kona, kisha unaunyoosha kwenye skeli kupata kilomita. Mkono ukitetemeka, jibu nalo linatetemeka. Siku hizi kompyuta inaimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua, na programu ya ramani ya QGIS, aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002, hailipiwi.

Zoezi linalopendwa sana na walimu wa programu hizi ni la Soho, London, mwaka 1854. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa muda mfupi. Daktari John Snow akaishuku pampu ya maji ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukang'olewa. Kisha akatia alama kwenye ramani kwa kila aliyefariki, na alama zikarundikana kuizunguka pampu hiyo. Baadaye Snow akachora pia mstari wa kutenga nyumba zilizo karibu zaidi na pampu hiyo kuliko nyingine, akipima kwa mwendo wa miguu mitaani. Uzi uleule.

Mwanafunzi anafungua faili la alama hizo, nukta moja kwa kila kifo, anabonyeza amri ya kuonyesha msongamano, wekundu unatanda juu ya Broad Street. Walimu wengi hufungia kipindi hapo. Mimi ningekianzia hapo. Programu huipaka kila nukta duara la rangi, na ukubwa wa duara unauchagua wewe. Likiwa pana, wekundu unameza mtaa mzima. Likibanwa, doa linakatikakatika. Tena linahesabu maiti, halijui walioishi pale ni wangapi.

Na walionusurika walikuwepo. Nyumba ya kutunzia maskini ya jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu: hata asilimia 1 haikufika. Kiwanda cha bia kilikuwa Broad Street yenyewe, na vibarua zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja.

Faili la nukta lina idadi ya vifo tu, kwa hiyo ubonyeze utakavyo, sababu ya hao kunusurika hutaiona. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake. Kiwandani, Snow alikwenda mwenyewe kumuuliza mwenye mali, Bwana Huggins, akajibiwa kwamba vibarua hugawiwa bia, na maji, kwa kadiri alivyoamini, hawayagusi kabisa.