Jamu, Asali na Siagi ya Karanga kwa Mwenye Kisukari: Namna ya Kusoma Chupa Kabla ya Kununua

Mtu anapoelezwa kuwa ana ugonjwa wa kisukari, kitu cha kwanza kuondolewa mezani kwake ni bakuli la sukari. Chai huanza kunywewa bila sukari, soda huachwa, na keki huwa za wageni. Mkate, hata hivyo, hubaki palepale, na pamoja nao hubaki swali linaloulizwa mara kwa mara katika kliniki: je, nipake nini? Wengi hulijibu wenyewe kwa kununua chupa ya bei kubwa iliyoandikwa kwamba haina sukari, au kwa kuhamia kwenye asali. Makala hii inaeleza kwa nini majibu hayo mawili hayatoshi, na ni nini hasa kinachopaswa kuangaliwa.

Kilichomo ndani ya jamu

Jamu hutengenezwa kwa kuchemsha matunda pamoja na sukari. Sukari hiyo ina kazi tatu: hutia utamu, husaidia pektini ya matunda kuigandisha jamu, na huyashika maji hata vimelea vikose ya kutumia. Ndiyo sababu jamu ya kawaida hukaa muda mrefu bila kuharibika, na ndiyo sababu huwa na takriban gramu 60 za sukari katika kila gramu 100. Kijiko kikubwa kimoja, chenye gramu 20 hivi za jamu, huleta gramu 12 za sukari, sawa na vijiko 3 vya chai.

Asali imeheshimiwa tangu kale kama chakula na kama dawa. Lakini gramu 100 za asali zina takriban gramu 80 za sukari, na kijiko kikubwa kimoja huleta gramu 17 hivi, kiasi kinachozidi kile cha jamu. Mwili hautofautishi kati ya glukosi iliyotoka mzingani na ile iliyotoka kiwandani. Asali si mbadala salama wa sukari kwa mwenye kisukari. Ihesabiwe kama sukari.

Maneno ya mbele na takwimu za nyuma

Maandishi makubwa ya mbele ya chupa yamewekwa ili kuuza. Taarifa inayomfaa mgonjwa imo kwenye jedwali dogo la nyuma. Maneno matatu hukanganywa mno. "Bila sukari" humaanisha kuwa sukari haipo au ni kidogo sana. "Sukari imepunguzwa" humaanisha tu kuwa ni pungufu kuliko jamu ya kawaida. Bado inaweza kuwa na gramu 40 katika kila gramu 100. "Hakuna sukari iliyoongezwa" haimaanishi kuwa sukari haimo, kwa kuwa jamu nyingi za aina hiyo hutiwa utamu kwa juisi ya zabibu au ya tufaha iliyokolezwa, ambayo nayo ni sukari.

Tafuta kwenye jedwali jumla ya wanga na kiasi cha sukari katika gramu 100, kisha linganisha chupa mbili kwa kipimo hicho hicho. Takwimu za "kwa kila mlo" zinaweza kupotosha, kwa maana kila kiwanda hujipangia ukubwa wa mlo wake. Angalia pia orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huanza na kile kilicho kingi zaidi. Majina yenye kuishia kwa herufi "ose" katika lebo za Kiingereza, pamoja na sirapu na maltodekstrini, ni ishara ya sukari au wanga unaomeng'enywa haraka.

Jamu zilizotiwa stevia au sukralosi huongeza sukari katika damu kwa kiasi kidogo tu, ile itokayo kwenye matunda yenyewe. Sorbitoli na maltitoli, kwa upande wake, huwa na nishati kiasi, na maltitoli hupandisha sukari kwa kadiri fulani. Zikiliwa kwa wingi huleta gesi tumboni na kuharisha.

Jina "chakula cha wagonjwa wa kisukari" nalo lisimtishe mtu kulipa zaidi. Ujerumani, iliyokuwa na kanuni maalumu za vyakula hivyo, ilizifuta mwaka 2010 na kutoa muda wa mpito hadi 2012. Mwenye kisukari anahitaji chakula bora kilekile kinachomfaa kila mtu.

Hesabu ya mkate

Vipande 2 vya mkate mweupe vina takriban gramu 30 za wanga. Ukipaka kijiko kikubwa kimoja cha jamu ya kawaida, jumla ni gramu 42. Ukipaka vijiko viwili vya jamu iliyopunguzwa sukari kwa sababu umeiamini, jumla ni gramu 46. Chupa ya gharama imeleta wanga zaidi kuliko ile ya kawaida. Kiasi kinachopakwa, na mkate wenyewe, vina uzito kuliko jina la chupa.

Kwa hiyo kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, kilichopakwa kijiko cha chai cha jamu, huweza kuingia katika mpango wa mlo wa wagonjwa wengi. Vilevile kuna vya kupaka visivyohitaji sukari kabisa: parachichi lililopondwa kwa ndimu, yai la kuchemsha, au siagi ya karanga isiyotiwa sukari. Siagi ya karanga ina nishati nyingi, takriban kilokalori 95 kwa kijiko kikubwa, hivyo anayepunguza uzito aipime.

Sukari inapokuwa tiba

Nyumba iliyofukuza sukari yote inaweza kujikuta hatarini. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari chini ya milimoli 4 kwa lita: hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, na huchanganyikiwa. Hapo jamu isiyo na sukari haisaidii, wala siagi ya karanga, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha ufyonzwaji. Apewe upesi vijiko 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au kijiko kikubwa kimoja cha asali, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudie. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Akimbizwe kituo cha afya. Familia nzima ijue sukari hiyo imewekwa wapi.

Utunzaji

Jamu yenye sukari kidogo imepoteza kinga yake dhidi ya ukungu. Ikishafunguliwa iwekwe kwenye jokofu. Asiye na jokofu anunue chupa ndogo, achote kwa kijiko kikavu, na aitupe yote ikianza kuota ukungu.

Mwisho, kipimo cha kweli ni damu yako mwenyewe. Mwenye glukometa apime kabla ya kifungua kinywa na saa 2 baadaye, aandike alichokipaka na kiasi chake, kisha aipeleke kumbukumbu hiyo kwa daktari au mtaalamu wa lishe. Asibadili dozi ya dawa kwa sababu ya kubadili chupa.