Ukigongwa na Gari Lisilo na Bima, Usitie Sahihi Kitandani



Kila alfajiri barabara ya Mbarara–Kikagati huamka kabla yetu. Malori ya matoke yanatoka Isingiro, pikapu zimebeba mitungi ya maziwa, taksi zimejaa hadi mlangoni, na boda boda zinatoka upande wa Nakivale zikiwa na abiria wawili au watatu kila moja. Wengi wa abiria hao ni wenzetu. Wanakwenda viwandani, mashambani, na kwenye vibarua vya Mbarara mjini. Kila mmoja ameuweka mwili wake, ambao ndio mtaji wake wa pekee, mikononi mwa dereva asiyemjua.

Dereva huyo akikuvunja mguu, nani atalipa? Na ikiwa gari lake halina bima, je, mambo yamekwisha? Wenzetu wengi hudhani yamekwisha. Hayajakwisha, na leo tutaeleza kwa nini.

BIMA YA MTU WA TATU NI NINI?

Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni wewe, uliyekuwa unapita zako njiani. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inakataza mtu yeyote kutumia gari au pikipiki barabarani bila kuikatia bima ya kumlinda huyo mtu wa tatu. Stika ile ya bima si pambo la kioo, wala si risiti ya kumwonyesha askari wa trafiki ili gari lipite. Ni ahadi kwamba ukiumizwa, iko kampuni itakayolipa.

Lakini ni lazima tuijue ahadi hiyo na mipaka yake. Kwanza, bima hii ni ya kifo na majeraha ya mwili tu. Baiskeli yako iliyopondwa na gunia lako la mahindi lililomwagika havimo. Pili, sheria ilipotungwa mwaka 1989 iliweka kikomo cha malipo, nacho ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na shilingi milioni 10 kwa ajali moja, hata kama walioumia ni wengi. Kila aliyewahi kulipia upasuaji wa mfupa anajua milioni 1 inaishia wapi.

Kwa hiyo hata gari lenye stika halikulindi vya kutosha. Gari lisilo nayo ndilo linalotutia hofu zaidi, na yako mengi, hasa pikipiki na pikapu za njia za vumbi, mahali ambapo askari wa trafiki haonekani mara kwa mara.

MILANGO MITATU

Mfanyakazi aliyegongwa ana milango mitatu ya kubisha. Wengi wanaujua mmoja tu, na ukifungwa wanarudi nyumbani.

Mlango wa kwanza ni kampuni ya bima. Gari likiwa na stika, madai yanapelekwa kwa kampuni iliyotajwa humo, pamoja na ripoti ya polisi, maelezo ya daktari na risiti za matibabu. Kampuni ikikuzungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda hupokea malalamiko.

Mlango wa pili ni dereva na mwenye gari. Kukosa bima hakumfutii mtu deni lake. Dereva aliyekuumiza kwa uzembe unaweza kumshitaki mahakamani, na kama aliendesha kwa kazi ya tajiri wake, hata tajiri anashitakiwa pamoja naye. Hapo hakuna kikomo cha milioni 1, kwani mahakama hutazama hasara yako ilivyo. Ugumu ni kwamba huwezi kukamua maziwa kwa ng'ombe asiye nayo. Dereva wa pikipiki ya kukodi huenda hana kitu. Basi tafuta mwenye chombo, maana mara nyingi si yule anayekiendesha. Na kumbuka muda. Kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kama gari ni la Serikali, ni miaka 2.

Mlango wa tatu ndio unaosahauliwa kuliko yote, nao ni mwajiri wako. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haiishii kwenye geti la kiwanda. Inasema kwamba ajali inayompata mfanyakazi akisafiri moja kwa moja kwenda kazini, au akirudi moja kwa moja kutoka kazini, inahesabiwa kuwa ajali ya kazini. Haidai kwamba gari liwe la kampuni, wala haijali kama aliyekugonga alikuwa na bima. Inakutaka wewe uthibitishe kwamba ulikuwa katika safari ya kazi, bila kuzunguka kwa mambo yako mengine.

Tupige hesabu. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi akifa katika safari hiyo, na akaacha watu waliomtegemea yeye tu, fidia inayotajwa na sheria ni mshahara wa miezi 60. Hiyo ni shilingi 9,000,000. Akipata ulemavu wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi yoyote, kipimo ni hicho hicho cha miezi 60. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa kadiri ya kiungo kilichoharibika. Linganisha na milioni 1 ya bima ya gari, kisha uone jinsi mlango huu ulivyo na uzito.

Sheria haikusudii mtu alipwe mara mbili kwa jeraha lile lile. Mwajiri akishalipa anaweza kumwandama mwenye gari ili arudishiwe fedha yake. Huo ni mzigo wake, usikutie wasiwasi wewe.

KARATASI YA KITANDANI

Katika kazi ya chama nimekaa wodini na majeruhi wengi, na jambo hili nimeliona likirudiwa. Mwenzetu mmoja wa shamba, mkazi wa Nakivale, alikuwa nyuma ya boda boda akienda zamu ya asubuhi. Pikapu isiyo na stika ikawagonga, mguu wake ukavunjika mara mbili. Siku ya pili akaja ndugu wa dereva na maneno matamu, shilingi 200,000 na karatasi ya Kiingereza. Mgonjwa hasomi Kiingereza. Aliambiwa ni risiti tu, akaweka dole gumba. Karatasi ilisema amelipwa yote na hatadai tena.

Fedha ile ilikwisha kabla ya wiki mbili, na mguu uliuma miezi minane. Tulipopata habari, zilibaki siku sita tu mwezi mmoja utimie tangu ajali. Tulimwandikia mwajiri siku ile ile, tukapeleka nakala kwa afisa wa kazi wa wilaya. Baada ya ubishi mrefu alilipwa fidia kwa mlango wa tatu. Kwa mwenye pikapu hakupata hata shilingi ya kuongeza.

Kwa hiyo nasema: akija mtu kitandani na karatasi, mwambie, "Iache, wenzangu wataisoma." Mwema atasubiri.

NDUGU ZETU WAKIMBIZI

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi humo na kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Wapo wanaoogopa kwenda polisi baada ya ajali kwa kudhani sheria hizi ni za raia peke yao. Sivyo. Mtu wa tatu haulizwi taifa lake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na kibarua, awe mkimbizi au raia, asikubali kuambiwa mlangoni kwamba hana haki kabla afisa wa kazi hajalitazama jambo lake.

Lori likiwa na namba za Tanzania, Rwanda, Burundi au Kongo, usiseme limetoroka. Magari ya nje hutumia kadi ya njano ya COMESA, mpango wa bima ulioanza mwaka 1987 ili majeruhi wa nchi moja alipwe hata gari likiwa la nchi nyingine. Waombe polisi waandike namba ya kadi hiyo.

FANYA HAYA

1. Andika namba ya gari au ipige picha. Andika jina la kampuni na namba iliyo kwenye stika. Kama stika hakuna, andika kwamba hakuna.

2. Chukua majina na simu za mashahidi wawili au zaidi. Watu wa njiani hutawanyika upesi.

3. Ripoti polisi, uchukue namba ya shauri. Omba fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari.

4. Tunza kila risiti, ya dawa, ya picha ya mfupa, na ya usafiri wa hospitali.

5. Ulikuwa njia ya kazini? Mpe mwajiri taarifa ya maandishi mapema, usipitishe mwezi mmoja. Baki na nakala.

6. Mwite mjumbe wa chama kabla hujatia sahihi popote.

NA SISI TUJITAZAME

Wako wanachama wenye boda boda ya jioni ya kuongeza kipato. Ndugu, ukiendesha bila bima wewe ndiwe yule dereva tunayemlalamikia, na utakayemgonga huenda akawa mwenzako wa zamu. Kata bima. Wala tusipande juu ya magunia ya lori la mizigo kwa sababu nauli ni ndogo. Kampuni ya bima itapata sababu ya kubisha, na kuanguka kwenyewe hakuna nauli.

Kwa upande wa chama, madai yanajulikana. Kikomo cha mwaka 1989 kipandishwe kilingane na gharama za hospitali za leo. Waajiri wanaowaita watu kazini kabla ya jua kuchomoza watoe usafiri wenye bima. Na aliyegongwa na gari lisilo na bima, au lililokimbia, awe na mfuko wa kumlipa. Uingereza kampuni za bima zilianzisha chombo cha kazi hiyo mwaka 1946, na wenye magari ndio wanaokigharamia kwa ada zao za bima. Jambo hili linawezekana, ila halitaletwa na mtu mmoja mmoja anayelia wodini.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe aje na orodha ya wenzetu walioumia njiani mwaka huu, na tarehe za ajali zao. Huenda miongoni mwao yupo ambaye mwezi wake haujatimia.