Uko Minnesota na Dinga ya Kwanza? Soma Hii Kabla Theluji Haijakushika

Buda, umefika majuu, kazi umepata na dinga umenunua. Hongera! Lakini kama ulijifunzia kuendesha Thika Road, kuna somo hukuwahi kupewa: theluji.

Minneapolis, usiku wa Januari kushuka hadi nyuzi -10 ni kawaida tu. Na wasee wetu wengi huko wako shifti ya usiku. Unatoka job alfajiri umechoka, na barabara imekuwa kioo. Kaa rada.

Tairi kwanza, urembo baadaye. Raba ya tairi za kawaida huanza kuwa ngumu joto likienda chini ya nyuzi 7. Tairi za baridi hubaki laini, zinashika barabara. Ubavuni zina mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Weka zote nne, si mbili. Na usidanganyike na four-wheel: inakusaidia kung'oka, kusimama haikusaidii. Pima upepo pia, ju baridi huushusha.

Betri. Kwenye nyuzi -18, betri inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na oili nayo imekuwa nzito kama uji wa jana. Ikiwa na miaka mitatu kwenda juu, ipimwe Oktoba, si siku imekataa kuwaka.

Maji. Maji matupu kwa radieta ni kujitafutia balaa. Yakiganda yanapanuka na kupasua injini. Nusu kulanti, nusu maji, hiyo inavumilia hadi karibu nyuzi -37. Maji ya waipa nunua yale ya baridi. Na kioo kikiganda, wacha maji moto, kitapasuka. Kwangua tu.

Buti. Weka blanketi, koleo, tochi, waya za jampa, glovu, njugu na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi zikianza kuteleza. Tangi isishuke chini ya nusu.

Barabarani. Daraja huganda kabla ya barabara nyingine, ju upepo baridi unalipiga juu na chini. Punguza mwendo kabla hujafika, sio ukiwa juu yake. Acha nafasi kubwa mbele, na usikate kona kwa fujo.

Sasa ile noma kabisa. Ukikwama kwenye dhoruba, usitoke kutembea. Baki ndani ya gari, piga 911. Lakini kabla ya kuwasha injini upate joto, fukua theluji kwenye eksozi. Ikiziba, moshi wa kaboni monoksidi unarudi ndani. Hauna rangi, hauna harufu. Unaweza kuhisi kichwa kinauma na usingizi, alafu hauamki. Washa kama dakika 10 kila saa, fungua dirisha kidogo, na ukague eksozi tena kila mara. Na usiwahi kupashia gari moto ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Kama wewe uko hapa Nairobi, tumia siz, bro ama cuzo wako hii story leo. Afadhali familia ichange ya tairi nne kuliko kuchanga ya kumrudisha mtu nyumbani ndani ya sanduku.