Wizi wa Kompyuta: Adui Asiyevunja Mlango

Mtu atokaye katikati ya jiji la Kampala akaifuata barabara ya Jinja kuelekea mashariki hufika Nakawa. Wengi huijua Nakawa kwa soko lake. Lakini askari anaijua kwa sababu nyingine. Katika eneo la utawala la Nakawa kuna Naguru, yaliko makao makuu ya polisi, na kuna Mbuya, yaliko makao makuu ya jeshi. Bugolobi, katika eneo hilo hilo, ndiko iliko Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Na pale Nakawa penyewe yamesimama makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, yaani nyumba ambamo kodi ya nchi nzima huhesabiwa. Mtu angedhani kwamba mwizi mwenye akili timamu angetafuta mahali pengine pa kufanyia kazi yake.

Hata hivyo wezi walifika hapo hapo. Kati ya mwaka 2011 na mwaka 2012, watu wasio na idhini waliingia katika mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato, wakaandikisha magari yaliyotoka nje ya nchi kana kwamba kodi yake imelipwa, ilhali haikulipwa. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mlinzi wa lango hakupigwa rungu, wala dirisha halikukatwa nondo. Ofisa aliyeketi mbele ya kompyuta yake alifanya kazi yake mchana, akafunga ofisi jioni, akaenda nyumbani akiwa na amani moyoni, huku jina lake na neno lake la siri vikitumiwa na mtu mwingine. Hasara iliyoipata hazina ya taifa ilihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Watuhumiwa walipokamatwa mwezi Juni mwaka 2012, walikutwa ndani ya gari pamoja na kompyuta za kubebea.

Ni vema tuulize jambo hilo liliwezekanaje, maana asiyejua njia aliyoipita adui hawezi kuiziba.

Kila askari aliyewahi kushika zamu ya usiku anajua neno la kupita lindoni. Mtu akija gizani, mlinzi humsimamisha na kumwuliza neno. Akilijua, hupita. Akikosa, hapiti, hata kama sauti yake inafanana na ya afande. Kompyuta nayo hulinda kwa njia hiyo hiyo, lakini kwa upungufu mmoja mkubwa: mlinzi wa kibinadamu anaweza kushuku mwendo wa mtu, harufu yake au wasiwasi wake, kompyuta haishuku kitu. Ikipewa neno sahihi hufungua, ikaandika katika kumbukumbu zake kwamba aliyeingia ni mwenye neno. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kupigana na mlinzi. Analohitaji ni kusikia neno.

Na neno husikiwa namna gani? Katika kesi ya Nakawa ilitumika programu ya kijasusi. Programu ya aina hiyo hujificha ndani ya kompyuta, ikarekodi kila herufi ambayo mtumiaji anaibonyeza, kisha ikampelekea bwana wake orodha hiyo. Mtumiaji haoni badiliko lolote katika kioo chake. Lakini programu hiyo haizaliwi ndani ya kompyuta, lazima iletwe. Huletwa na flashi iliyookotwa au kuazimwa. Huletwa na barua pepe yenye kiambatisho kinachovutia macho, labda orodha ya waliopandishwa vyeo. Huletwa na programu ya wizi iliyonunuliwa kwa bei ya chini mjini. Au huletwa na mkono wa mtu wa ndani aliyelipwa. Hiyo njia ya mwisho ndiyo chungu kuliko zote, na sisi hatuoni sababu ya kuinyamazia.

Shauri hilo lilipelekwa katika kitengo cha Mahakama Kuu kinachoshughulikia kesi za rushwa, na mwaka 2013 wahusika walitiwa hatiani na kufungwa. Lilikuwa miongoni mwa mashauri ya kwanza kuijaribu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Sheria hiyo iliweka kifungo kisichozidi miaka 10 kwa mtu anayeingia katika kompyuta au taarifa za mwenzake pasipo ruhusa, na kisichozidi miaka 15 kwa ulaghai unaofanywa kwa njia ya elektroniki. Ni kweli kwamba sheria hiyo imezua ubishi. Mwezi Januari mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chake cha 25 kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, ikiona kwamba kinaingilia uhuru wa kusema. Lakini ubishi huo ulihusu maneno ya watu. Hatujamsikia mtu yeyote akidai kwamba wizi wa kodi au wa akiba ya mjane ni uhuru.

Tangu kesi ile, uwanja wa mapambano umepanuka sana. Mwaka 2009 huduma ya pesa kwa simu iliingia Uganda, na kabla ya miaka mingi kupita, kila mwenye simu ya mkononi, hata ile ndogo yenye tochi, akawa amebeba benki mfukoni. Kwa hiyo tunaposema mtumiaji wa kompyuta, asifikirie mtu kwamba tunamzungumzia karani pekee. Simu ni kompyuta. Askari wa cheo cha chini kabisa katika kambi ya mbali anayo.

Mwezi Oktoba mwaka 2020 wahalifu waliingia katika mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni ya Kampala iliyokuwa ikiunganisha mabenki na mitandao ya simu. Benki ya Stanbic pamoja na makampuni ya MTN na Airtel yalilazimika kutangaza kwamba huduma ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu imesimamishwa. Hapo tulijifunza kwamba nyumba mbili imara zaweza kuingiliwa kupitia ujia unaoziunganisha. Kisha mwezi Novemba mwaka 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha alilithibitishia Bunge kwamba fedha za serikali zilizokuwa Benki Kuu zilikuwa zimechotwa. Mwanzoni watu walinong'ona juu ya wadukuzi wa ng'ambo, wajanja wasioonekana. Mwezi Februari mwaka 2025 waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na mahakama ndiyo yenye neno la mwisho. Hata hivyo, mwelekeo wa upelelezi huo watukumbusha Nakawa: kabla ya kuutazama upeo wa macho kwa darubini, kagua kwanza waliomo ndani ya boma.

Taarifa ya mwaka ya polisi ilionyesha kwamba kesi za uhalifu wa mtandaoni zilizoripotiwa zilikuwa 258 mwaka 2021, zikapanda hadi 286 mwaka 2022, na hasara ya mwaka huo wa 2022 ilipita shilingi bilioni 19. Tarakimu hizo ni za walioripoti. Aliyeibiwa shilingi elfu hamsini mara nyingi haripoti. Huona haya, akanyamaza, naye mwizi akapiga namba inayofuata.

Sasa tumtazame askari mwenyewe, maana yeye ni windo linalopendwa. Mshahara wake ni wa kila mwezi na siku yake inajulikana. Ana akiba katika chama cha ushirika, awe mwanajeshi aliye mwanachama wa Wazalendo au polisi aliye mwanachama wa Exodus. Tena mara nyingi yuko mbali na nyumbani. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakihudumu Somalia, na mawasiliano kati yao na jamaa zao hupitia simu. Laghai analijua hilo. Humpigia mke wa askari kwa sauti ya upole, akajitambulisha kuwa ni afande wa ofisi ya malipo, akasema kuna marupurupu ya mumewe yaliyokwama, na ili yatoke yatakiwa namba ya siri ya simu, tena upesi, kabla ofisi haijafungwa. Mama yule angefanyaje? Amefundishwa kuheshimu afande. Heshima yake ndiyo inayogeuzwa kuwa panga.

Namba ya siri haina afande. Hakuna mkuu wa kikosi, mhasibu, wakala wala ofisa wa kampuni ya simu mwenye haki ya kuiuliza, na mtu anayeiuliza amekwisha kujitangaza kuwa ni mwizi. Hilo na lielezwe nyumbani kabla askari hajaondoka, kama vile anavyoeleza shamba liko wapi na nani anadaiwa. Wapo pia wanaotuma ujumbe wa uongo usemao kwamba umepokea fedha, kisha wakakulilia uwarudishie kwa kuwa wamekosea namba. Usisome ujumbe huo tu. Angalia salio lako. Na wapo wanaowatoza vijana fedha kwa ahadi ya nafasi jeshini kupitia namba za simu zisizojulikana. Jeshi limekwisha kuonya mara kwa mara kwamba nafasi hizo haziuzwi.

Kuna hila nyingine ambayo haihitaji hata kuzungumza nawe. Mwizi huenda kwa muuzaji wa laini akiwa na kitambulisho cha kughushi, akadai kuwa yeye ndiye wewe na kwamba simu yake imepotea. Akipewa laini mpya yenye namba yako, ya kwako hufa papo hapo, na kila ujumbe wa benki humfikia yeye. Basi, simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako waliosimama kando yako zikiita, usiseme ni hali ya hewa. Azima simu, ipigie kampuni yako na benki yako, uzuie akaunti saa hiyo hiyo. Saa moja ya kungoja yatosha kuimaliza akiba ya miaka mitano.

Ofisini mambo ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyashika. Neno la siri lililobandikwa kwa karatasi ubavuni mwa kompyuta si siri. Neno moja linalofungua barua, benki na faili za kazi ni ufunguo mmoja wa nyumba, ghala na stoo ya silaha. Kompyuta ya kituo si mahali pa kuchezea sinema zilizoletwa na flashi ya rafiki. Anayehamishwa kazi au kuacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku anayokabidhi, na asingojewe mpaka mwisho wa mwaka wa fedha.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu hasa askari polisi wa meza ya mbele. Mama wa sokoni Nakawa akifika kituoni na kusema ameibiwa kwa simu, si sawa kumjibu kwamba aende akawaulize wenye mtandao. Ameibiwa, na hilo ni kosa la jinai kama wizi wa ng'ombe. Mwandikie taarifa yake. Mwambie asifute ujumbe wowote, hata ule unaomtia aibu, kwa kuwa ndio alama za nyayo za mwizi. Andika namba iliyompigia, tarehe na saa, kiasi kilichotoka, namba iliyokipokea, na ile namba ya muamala iliyo ndani ya ujumbe, herufi kwa herufi. Kama kilicholetwa ni kompyuta, usiiwashe ili kuchungulia, na kama imewaka usianze kufungua faili zake, maana kila unapobonyeza unabadili kumbukumbu ambazo wakili wa utetezi atakuja kuzihoji. Iandikishe kama kielelezo, taja ni nani aliyeileta na ni nani aliyeipokea, uifunge, kisha umwite mpelelezi mwenye ujuzi wa kazi hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu fedha zilizoibwa kwa simu hazilali mahali pamoja usiku mzima.