Mwenye Njaa Haulizwi Kwao

Pita jioni mbele ya watu wanaokula barazani, Ng'ambo ya Unguja au Ngamiani ya Tanga, na utaitwa. "Karibu!" watasema, mkono ukiwa bado kwenye sinia. Nawe utajibu, "Starehe," na kushika njia yako. Pande zote mbili zinajua kwamba hukutarajiwa kukaa. Ni adabu tu ya kumwonyesha mpita njia kwamba hapa hakuna aliyejificha kula.

Lakini mara moja moja hupita mtu asiyesema starehe. Husema "haya", huvua ndara zake, huketi. Hapo ndipo mila inapopimwa, kwa kuwa karibu ikishatamkwa hairudishwi. Wenye sinia husogea. Mtoto hutumwa maji ya kunawa. Mwenyeji humsogezea mgeni kipande cha samaki, maana kila mmoja hula upande wake na haipendezi mgeni kuuvusha mkono sinia nzima kutafuta kitoweo. Na mwenyeji hata akishiba hanawi; huchezea tonge mbili tatu ili mgeni asione haya akaacha angali na njaa. Hakuna anayemuuliza atokako wala baba yake ni nani. Maswali yana wakati wake, kahawa ikishamiminwa.

Nyumba ambayo wanaume wametoka ina namna yake. Mgeni hupiga hodi, huitikiwa na sauti kutoka ndani, na hubaki pale pale barazani. Chakula humjia kwenye sahani iliyofunikwa kawa, mikononi mwa mtoto. Hakuona undani wa nyumba, wala wa ndani hawakumwona akila. Bibi zetu waliopima mchele kwa kibaba walizoea kutia cha ziada kwa ajili ya mtu asiyejulikana bado. Akija, riziki yake. Asipokuja, kesho kuna kiporo. Na kiporo chenyewe kikianza kuchacha kilikwenda kwa kuku, si kwa aliyepiga hodi. Mkosi mkubwa wa nyumba ulikuwa kusemwa mtaani kwamba pale hupewa maskini kile ambacho wenyewe wamekishindwa.

Tunapousifu ukarimu wa Waswahili tunausifu kana kwamba uko damuni. Mimi sidhani. Naona ulikaa kwenye udongo na chokaa, yaani kwenye baraza. Nyumba za mawe za Lamu zina daka lenye viti vya mawe mlangoni, na kubwa miongoni mwake zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya familia. Nyumba za udongo na makuti nazo zilikuwa na baraza yake, pengine yenye mkeka mmoja tu. Mtu mwenye njaa anahitaji chakula, na anahitaji pa kukaa akila. Baraza ilimpa hicho cha pili bila kumwingiza ndani kwa mwenyewe na bila kumwacha amesimama njiani na sahani mkononi.

Desturi hii ni ya kale. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakizifuata jahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Wa kule hawakuwa wakitoa sadaka. Mgeni huyo angeuza na kununua kupitia mwenyeji wake huyo huyo. Ila chakula kilitangulia bei.

Kutoka Mogadishu aliendelea kusini hadi Kilwa, na huko akatuachia kisa ambacho kingefaa kusomwa madarasani. Sultani Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake, alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa alipozuiwa njiani na fukara kutoka Yemeni. Fukara akaomba nguo ambazo sultani amezivaa. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Baadaye mwanawe alizichukua tena zile nguo na kumlipa fukara watumwa kumi. Sultani naye, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akatawala nduguye, Daud, ambaye akijiwa na mwombaji alimjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa mlangoni kwake miezi mingi, wakaambulia kidogo, mwishowe wakaacha kuja.

Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu ya zile nguo. Mimi hukwama kwenye wale watumwa. Nao walikuwa wageni pale Kilwa, watu walioondolewa makwao kwa nguvu, wasio na ndugu wa kuwaitikia hodi, na hakuna aliyeandika kama walikula siku ile. Ukarimu wa pwani ulikuwa na mpaka, na mpaka huo tuuseme tunapousimulia.

Kuna methali ambayo kila mchoyo anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake ya Ujamaa, kuonyesha kwamba jamii ya zamani haikuwa na wanyonyaji, kila mtu alifanya kazi. Hoja yake ilikuwa nzuri. Lakini wanaoirudia leo huanzia siku ya tatu. Wanasahau zile mbili za mwanzo, ambazo mgeni alilishwa asiguse kitu. Wanasahau pia kwamba jembe lilikwenda pamoja na shamba. Kijana aliyelala chini ya daraja la Ubungo ukimpa jembe atalima wapi?

Mwezi ambao mila hii huonekana yote kwa pamoja ni Ramadhani. Jua likikaribia kuzama, mikeka hutandikwa nje, na kila nyumba ya mtaa hutoa kilichopikwa: uji, tende, muhogo wa nazi, tambi, magimbi, kaimati. Wanaume wa mtaa hukaa pamoja, na yeyote aliyekutwa na adhana njiani hukaa nao. Hapo huwezi kutofautisha aliyetoa sufuria na aliyekuja mikono mitupu. Mwenye nyumba tatu na mchukuzi wa bandarini wanatoa muhogo kwenye bakuli moja. Sijui utaratibu mwingine wa kulisha watu unaoficha umaskini vizuri kuliko huu.

Dini yenyewe imeweka hesabu, na ukiitazama utaona ni hesabu ya matumbo. Mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi. Kabla ya sala ya Idi kila nafsi ya nyumba, hata kichanga wa jana, hutolewa zakatul fitri, kiasi cha pishi moja ya chakula cha mahali hapo, kusudi siku hiyo asiwepo wa kuzunguka akiomba. Na mwombaji hakaripiwi. Sura ya Dhuha imelikataza hilo waziwazi. Kama huna, Waswahili husema "tusamehe leo", kwa sauti ya chini. Huo nao ni utoaji.

Sasa tazama mitaa mipya. Tunajenga ukuta, juu yake seng'enge au vigae vya chupa, mbele geti la chuma lenye maandishi MBWA MKALI. Baraza imehamia ndani na kuitwa varanda. Mwenye njaa atapiga hodi wapi? Atajibiwa na mlinzi, ambaye pengine na yeye hajala. Kwa hiyo mwenye njaa amekwenda tulipobaki tunaonekana, kwenye mataa ya barabarani na milango ya maduka. Siku ya Ijumaa wenye maduka wengi wa miji ya pwani huweka sarafu kwenye kopo kaunta, na waombaji hupita mmoja mmoja wakipokea. Ni jambo jema, sitalitukana. Lakini angalia linavyokwenda: mkono unatoka, mkono unapokea, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, na anayefuata amekwisha kusogea.

Serikali nayo imekuwa na jibu lake. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, kinamhesabu anayeombaomba hadharani kuwa mzururaji. Mwaka 2016 mkoa wa Dar es Salaam uliamuru ombaomba waondoke jijini. Amri za namna hiyo zilitangulia na nyingine zimefuata, na kila mara watu husombwa, hurudishwa makwao, nao hurudi. Njaa iliyowatoa kijijini haikuamriwa kuondoka.

Najua hofu ya wasomaji wengi, kwamba wapo waombaji wa uongo, na wapo watoto wanaotumwa na wakubwa wao kukusanya fedha. Ni kweli wapo. Dawa yake ipo na ni rahisi: toa chakula badala ya fedha. Kwa mama ntilie wa jirani utaona wanaoijua dawa hii. Mtu anakula wali maharage, anamwona mwenye njaa amesimama pembeni, anamwambia, "Mama, mwekee na huyu, nitalipa." Yule anavutiwa kigoda, ananawa, anakula kama wateja wengine. Hakuna tapeli aliyetajirika kwa sahani ya wali, na mtoto akishakula ameshakula; hakuna mkubwa wa kumpokonya.

Kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, pale Makindu katika kaunti ya Makueni, watu wengine wameuhifadhi utaratibu huu kwa namna yao. Masingasinga waliokuja kutoka Punjab kujenga reli walianza kuabudu hapo, na mwaka 1926 wakajenga hekalu. Mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, akivua viatu na kufunika kichwa, hukaribishwa chai, dengu na chapati, na akichelewa hupewa chumba alale. Halipishwi, akitaka kuacha kitu ni hiari yake. Jiko hilo la bure, langar, ni agizo la Guru Nanak, aliyefariki mwaka 1539: watu wale safu moja, tajiri na maskini kwa kimo kimoja. Dereva wa lori na mwenye gari la kifahari wanatoka pale wamekula dengu ile ile. Pwani tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Tusichokielewa, na sitaki tukielewe, ni hii desturi mpya ya simu. Mtu amenunua mifuko mitano ya unga, amempanga ajuza mbele ya kamera, amemwambia ashike mfuko na kutabasamu, kisha picha inakwenda mtandaoni na maneno ya kumshukuru Mungu. Yule mama wa zamani alifunika sahani kwa kawa ili hata jirani asijue ni nani amekula. Wewe unamfunua mbele ya nchi nzima kwa kilo mbili za sembe. Mpe, halafu rudisha simu mfukoni.

Ramadhani ijayo, wewe uliyehamia ndani ya geti, zungumza na majirani zako wawili watatu. Mkeka mmoja unatosha kuanza nao. Utandikeni nje ya ukuta, siyo ndani, na mlinzi wenu awe wa kwanza kukaa.