Pointi Ziko Mbali na Singida

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, wasichana wanne walicheza fainali ya vijana ya wawili wawili. Upande mmoja alikuwepo Angella Okutoyi, Mkenya aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Ng'ambo ya wavu walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, na huyu wa pili ni binti wa wazazi waliotoka Congo. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi 11-9 katika seti fupi ya kuamua mshindi. Kabla ya siku hiyo hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam la ngazi yoyote.

Agosti 2025, Mboko alishinda mashindano makubwa ya Canada mjini Montréal akiwa na umri wa miaka 18. Njiani alimng'oa Coco Gauff, na kwenye fainali akamgeuzia kibao Naomi Osaka. Mwaka ulipokwisha alikuwa ndani ya 20 bora duniani. Okutoyi, aliyemfunga Wimbledon, alikuwa bado nje ya 300 bora.

Mzazi wa Singida akitaka kujua kama mwanawe anaweza kuishi kwa tenisi, mimi humrudisha kwenye fainali ile. Wasichana wale walikuwa sawa siku ile, na huenda yule wa kwetu alikuwa mbele kidogo. Kilichowatenganisha baadaye ni kitu ambacho watazamaji wa televisheni hawakioni: mashindano mangapi yapo karibu na nyumbani kwako, na nani anakulipia nauli ya kuyafuata.

Tenisi ya kulipwa haina timu inayokusajili na kukulipa mshahara kila mwezi. Mchezaji amejiajiri mwenyewe. Cheo chake ni pointi alizokusanya katika wiki 52 zilizopita, na kila wiki mpya inapoingia, pointi za wiki kama hiyo mwaka uliopita zinafutika. Ukiugua miezi mitatu, au ukikosa nauli miezi mitatu, unashuka. Ngazi ya chini kabisa kwa wanawake huitwa W15, na kwa wanaume M15. Namba hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa: anayeshinda wiki nzima bila kupoteza mechi anaondoka na pointi 15. Bingwa wa Grand Slam anapata 2,000. Kwa wanawake, kuna ngazi za W35, W50, W75 na W100 kabla hujaanza kuonana na majina unayoyasikia redioni. Ili uingie hata kwenye mchujo wa Grand Slam, unatakiwa uwe umekaribia nafasi ya 230 hivi duniani.

Fedha nazo zinapanda kwa mtindo huohuo, ila kwa ukali zaidi. Kwenye US Open ya 2025 mabingwa wa mchezaji mmoja mmoja walichukua dola milioni 5 kila mmoja, na aliyetolewa raundi ya kwanza alipata dola 110,000. Kwenye shindano la M15, lenye zawadi ya dola 15,000 kwa wachezaji wote, bingwa hupata dola 2,160. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata dola 156. Kutoka humo alipe hoteli, chakula, kufunga nyuzi za raketi na tiketi ya ndege. Uchunguzi wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, uliotumia takwimu za 2013, ulihesabu wachezaji wapatao 14,000 katika mashindano ya kulipwa na kukuta karibu nusu yao hawakupata hata senti moja. Waliorudisha gharama zao walikuwa wanaume 336 na wanawake 253, tena kabla ya kumlipa kocha.

Ninaziheshimu jitihada zilizofuata. Mwaka 2024 chama cha wanaume, ATP, kilianza mpango wa kuwahakikishia wachezaji mapato ya chini: dola 300,000 kwa mwaka kwa aliyemo ndani ya 100 bora, 150,000 kwa wa 101 hadi 175, na 75,000 kwa wa 176 hadi 250. Ni hatua njema. Lakini inaishia nafasi ya 250, na kijana wetu yuko ya 700. Yeye hakuna anayemhakikishia chochote, na ndiyo maana adhabu nyingi za kupanga matokeo zinawaangukia wachezaji wa ngazi yake. Wapangaji wanajua ni nani anayelala na njaa.

Turudi kwa Mboko. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora, na hakuanzia Montréal. Alianzia mashindano madogo ya Martinique na Guadeloupe, akaenda Marekani, akaenda Uingereza, akashinda mechi 22 mfululizo. Viwanja vile havikuwa na watazamaji wengi, wala hapakuwa na fedha nyingi. Kulikuwa na pointi, na nyuma yake kulikuwa na shirikisho lenye kituo cha taifa mjini Montréal, linaloendesha malezi ya vijana kwa faida ya mashindano yale yale makubwa aliyokuja kuyashinda. Mfumo wenyewe ulizaa bingwa wa kuujaza uwanja wake.

Sasa tazama ramani ya Afrika. Mashindano ya ngazi ya juu ya ATP katika bara zima ni moja, la Marrakech. Kwa wanawake ni Rabat. Tunisia na Misri zimejaza kalenda zao kwa mashindano madogo wiki baada ya wiki, na si ajabu kwamba ndizo zilizotoa Ons Jabeur, aliyefika fainali tatu za Grand Slam mwaka 2022 na 2023, na Mayar Sherif. Vipaji vya kaskazini havizidi vya kwetu. Wao wana wiki nyingi za kucheza nyumbani.

Huku kwetu dalili zipo. Paul Wekesa wa Kenya aliwahi kufika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 na kushinda mataji matatu ya wawili wawili kwenye ziara ya ATP. Sada Nahimana wa Burundi ameingia ndani ya 250 bora. Rwanda ndiyo iliyofanya jambo la maana kuliko wote: mwaka 2024 Kigali iliandaa mashindano mawili ya Challenger kwa wiki mbili mfululizo, na mwaka uliofuata yakapandishwa daraja. Challenger ni ngazi iliyo chini ya ziara kuu tu, na ilifika saa chache kwa gari kutoka mpaka wa Rusumo.

Okutoyi mwenyewe alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, Machi 2024. Dhahabu ile ilikuwa mlango wa kuingia Olimpiki ya Paris, lakini kanuni ilidai pia mshindi awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakuwamo, na Paris ikampita. Malkia wa bara zima alifungiwa mlango kwa sababu ya pointi, na pointi zinapatikana kwenye mashindano yanayofanyika mbali na nyumbani kwake. Jambo hili bado linaniuma. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Auburn, Alabama, akicheza kwa ufadhili wa masomo, na kusema kweli hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa kijana wa Afrika Mashariki leo: vyuo vya Marekani vinatoa kocha, viwanja, daktari, chakula na shahada, na ukifika miaka 22 bila cheo bado una taaluma mkononi.

Singida inaingia wapi? Huu ni mkoa unaojua michezo. Singida Black Stars wako Ligi Kuu. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, aliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha, akimaliza marathoni kwa saa 2:09:48 na kumzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Simbu ni askari wa JWTZ. Jeshi lilimpa mshahara wakati mbio zilikuwa bado hazijamlipa. Mkimbiaji anahitaji barabara na mtu wa kumtunza, na barabara ziko Ikungi hadi Iramba. Mcheza tenisi anahitaji kitu kigumu zaidi kukipata: mpinzani aliye juu yake kidogo, kila wiki.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wenye nia ya kuanzisha tenisi hapa wanapaswa kulijua kabla hawajanunua mpira wa kwanza. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya urefu huo ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo mpira unakatishwa kidogo na hewa, unaenda kasi, na ukidunda unaruka juu kwa sababu shinikizo la ndani yake linazidi la nje kuliko kawaida. Kanuni za ITF zinatambua hilo: juu ya mita 1,219 inaruhusiwa mipira ya aina maalumu. Mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka sentimita 254 unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Ule wa miinuko hudunda kati ya 122 na 135. Mtoto wa miaka minane anayepewa mpira wa kawaida Singida atakuwa anaupiga ukiwa juu ya kichwa chake, na ataacha mchezo ndani ya mwezi mmoja akidhani hana kipaji. Dawa ni ya bei nafuu: mipira ya watoto. Mwekundu una kasi pungufu kwa asilimia 75, wa chungwa kwa 50, wa kijani kwa 25. Aanze na mwekundu kwenye kiwanja kifupi chenye wavu wa kamba, apande rangi moja moja.

Upepo nao. Upepo wa Singida ni ule ule unaowavuta wapangaji wa umeme wa upepo, na asiyejua atasema mchezo hauwezekani. Asubuhi na mapema unawezekana, na panda miti mstari mzima upande unakotoka upepo. Mtoto anayejifunza kusogeza miguu hadi sekunde ya mwisho, kwa kuwa mpira unahama hewani, amejifunza nusu ya kazi.

Kuhusu kiwanja, watu wengi wanaogopa bei ya zege na rangi. Udongo wa kichuguu uliosagwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, unatoa kiwanja kigumu chenye uso laini, na umetumika hivyo kwa vizazi Australia na kusini mwa Afrika. Rod Laver, mwanamume pekee aliyeshinda Grand Slam zote nne ndani ya mwaka mmoja mara mbili, 1962 na 1969, alikulia Queensland kwenye viwanja vya aina hiyo. Kinachotakiwa ni mita 23.77 kwa 10.97 za mistari, nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, na mtu wa kukitunza baada ya mvua. Vichuguu Singida havina upungufu.

Siku za usoni za tenisi ya kulipwa, juu kule, zinaelekea Ghuba. Fainali za mwaka za wanawake zilihamia Riyadh mwaka 2024, na ATP imetangaza shindano jipya la Masters 1000 nchini Saudi Arabia kuanzia 2028. Wachezaji wa chama cha PTPA walifungua kesi Machi 2025 wakidai mgawo mkubwa zaidi wa mapato. Mataji manane ya Grand Slam ya wanaume ya 2024 na 2025 yamegawanywa na watu wawili tu, Jannik Sinner na Carlos Alcaraz. Haya yote yanasomeka vizuri magazetini, na hayamsogezi mtoto wa Manyoni hata hatua moja.

Kitakachomsogeza ni mpango wa wiki sita za Afrika Mashariki: mashindano ya M15 na W15 yafuatane Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura, kisha Kigali wakati wa Challenger, kwa tarehe ambazo mchezaji anaweza kuhama kwa basi. Chama cha Tenisi Tanzania na wenzake wa nchi jirani wanaandaa tayari mashindano ya vijana; ugumu ni fedha za zawadi na kukubaliana kalenda. Tanzania, Kenya na Uganda zimekubaliana kuandaa Afcon ya 2027 pamoja, jambo kubwa mara elfu kuliko hili. Shindano la dola 15,000 ni fedha ambazo kiwanda kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti au benki yenye tawi Singida mjini inaweza kuzitoa bila kutetereka, na jina lake likabandikwa kwenye wavu wiki nzima. Mkoa wenyewe uanze chini ya hapo: shule mbili za msingi, viwanja viwili vya kichuguu, mipira myekundu, na mashindano ya wilaya kila muhula, ili mtoto wa miaka kumi wa Ikungi awe na mwenzake wa Kiomboi wa kumfunga na kufungwa naye.